Mshikio wa Mlango wa Nyuma

Dada yangu,

Huku hatujambo, ila Mama anakohoa kidogo. Hatimaye nimetengeneza mlango wa nyuma wa lile gari kubwa la Baba. Unakumbuka, tangu mshikio ukatike alikuwa akigonga kioo, nasi tunamfungulia kwa ndani. Basi hata baada ya mazishi Mama aliendelea kusikia kioo kikigongwa, anatoka kwenda kumfungulia.

"Mwekee mshikio mpya," akaniambia, "awe anafungua mwenyewe."

Fundi aliubadilisha huku akitania, "Gari kuukuu ni kama mzee, halikosi pa kuuma."

Sasa hagongi tena, na Mama analala fofofo. Lakini kila asubuhi naukuta mlango uko wazi, na ufunguo nalala nao chini ya mto. Njoo, Dada.

Ni mimi, mdogo wako asiyelala.