Nguo za Kuchungia Ngamia

Jumatano, Kibiti

Eti mimi mjinga! Nimechagua mitumba ya maana, kaptula tatu na singlendi mbili, za kuchungia ngamia jangwani Uarabuni. Kwetu Mbwera tunalima mpunga vifua wazi, jua litanifanya nini?

Bibi, aliyekwisha kuhiji Makka, alicheka hadi akakohoa. "Mume wangu wee, jua la kule linabanika! Jifunike gubigubi. Na usiku baridi."

Mjomba anayenipeleka kasema nikiugua tu, ananirudisha. Hapo nikanywea kidogo.

Bibi akanivika kanzu pana ya marehemu babu. Nikasimama uani juani. Wallahi, upepo ulipita ndani raha tupu!

Nimemwambia naichukua kwa kuwa imenipendeza, si kwamba kanishinda.

"Haya, mume wangu. Na kilemba chake je, hakijakupendeza?"

Nimekichukua.