Kombati ya Papa Adjudant

Jumatatu, 4 Novemba

Mashini yangu ya kusaga ilienda wiki mbili zilizopita, siku ya pili ya pillage, ule uporaji wa askari. Askari waliibeba mchana kweupe, mmoja ananisalimia "jambo, mama". Leo tena natwanga mahindi kwa mikono. Mabega yanauma.

Jioni, mkutano wa kartie, mtaa wetu. Jumapili, baada ya misa, tutamheshimu Papa Adjudant, askari mzee wa avenue yetu. Mimi ndiye nimepewa kuipanga sherehe. Sharti langu moja: asivae kombati, ile nguo ya jeshi. Shefu wa kartie alikubali mbio. Sitasonga bukari kwa ajili ya nguo iliyoniibia.

Jumatano, 6 Novemba

Nilimkuta Papa Adjudant ndani ya mtaro, anatoa matope. Tangu aache jeshi hufanya hivyo kila mwaka kabla ya mvua kubwa. Hakuna aliyemtuma.

"Jumapili vaa kositimi, papa, suti ya raia."

"Ya marehemu gani?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mama Béa, nguo haikwiba mashini yako. Ni bantu, ni watu. Bila nguo yangu, mimi siwezi kuya kwa sherehe."

Nimerudi na hasira.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Avenue ya nyuma wanachota maji vyumbani kwa sufuria. Kwetu yalipita mtaroni, yakaenda zake.

Niseme ukweli. Siku ile ya pillage Papa Adjudant alivaa kombati hiyohiyo, akasimama mlangoni pa maternité, akawafokea askari kwa Kilingala kama wakubwa wao wanavyofoka. Wakageuka. Wakaja kwangu. Hicho ndicho kinachoniuma. Mtu mmoja, milango miwili, na wangu haukuchaguliwa.

Lakini kule ndani wanawake walikuwa wanazaa. Kwangu kulikuwa na chuma. Hesabu hiyo hata mimi siwezi kuipinga.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwambia shefu: sharti nimeliondoa.

"Eh, mama! Si ni weye ulikatala?"

"Ni mimi. Nilihesabu vibaya."

Anaogopa watu wakiona kombati watarusha mawe. "Tutaona, mama. Tutaona." Lupangu langu, nyumba na ua wake, nimelijenga peke yangu. "Tutaona" haikuleta hata tofali moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimezunguka kwa wanawake waliozaa siku ile. Wote wamekubali. Watatembea pembeni yake, watoto mgongoni. Mwenye jiwe arushe tuone.

Unga wa kesho uko tayari.

Kwa shefu nimetuma maneno machache: "Papa Adjudant anakuja na kombati yake, ndiyo ao hapana? Jibu nalitaka kwa mdomo wako, kesho, kabla ya kengele ya misa ya kwanza."