Usifunue Kabla ya Dakika Ishirini

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepikishwa! Miaka kumi na tatu ya ndoa, ujuzi wangu jikoni ni chai na mayai, basi. Nimerudi kazini hoi — nimekagua mizani tatu za buchani, zote zinadanganya — namkuta Kamishna kwenye stuli ya jikoni, mikono mapajani. Jina la Kamishna nilimpa mwenyewe, kwa amri zake. Mke wangu hakulikataa.

Anasema mkono wa kulia unamuuma, leo atasimamia tu. Chakula cha siku za kazi, chombo kimoja, hata mvivu hakosei. Kuku kwenye kikaango kipana, ngozi chini. Mtoe. Kitunguu kwenye mafuta hayohayo, kisha saumu, nyanya, karoti. Mchele ugeuzwe mpaka ung'ae. Maji ya moto, kuku arudi juu, mfuniko, moto mdogo. Dakika ishirini — na usifunue!

Nikatoa mizani yangu ndogo ya kazini nipime mchele. Alicheka mpaka akashika ubavu. Humu ndani tunapima kwa kikombe, Mzee Kilo, akasema, akanipa kile cha bati kilichobanduka rangi. Mchele viwili, maji vitatu. Kicheko kikaisha, mkono ukabaki ubavuni.

Nilifunua dakika ya tisa. Wali mgumu katikati. Binti akala ukoko tu, akasema baba apewe muda.

Jumanne, 5 Machi

Tena! Mkono bado unauma. Kuku leo aliganda kwenye kikaango kwa sababu nilimgeuza mapema. Mwache, atajiachia mwenyewe akiwa tayari, Kamishna akasema. Kumbe kuku naye ana ratiba yake.

Nilimuuliza kuhusu majibu ya hospitali, ya ule uvimbe wa tumboni. Tarehe kumi na nane, akasema, na kitunguu kinaungua, geuza!

Ila asubuhi kulikuwa na chupa ya jemu iliyokaza. Mimi nilishindwa kuifungua. Yeye aliifungua mara moja. Kwa mkono wa kulia.

Alhamisi, 7 Machi

Siko sawa.

Jioni baada ya kula alisinzia kwenye kochi, nikambeba kumpeleka kitandani. Kazi yangu ni uzito. Nishikishe mfuko wa sukari nitakwambia umepunjwa gramu ngapi. Sikutaka kujua, lakini mikono ilishapima kabla sijaiambia isipime. Mwezi wa kumi na mbili mtaa ulipojaa maji nilimvusha mgongoni: kilo sitini na mbili, na malalamiko juu. Leo hazifiki hamsini na nne.

Nimetoka nikakaa kwenye ngazi. Kilo nane! Mizani huwa zinaharibika, natumwa kuzirekebisha kila siku. Mikono yangu haijawahi.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimepatia. Karibu kabisa! Wali punje mojamoja, kuku laini. Binti aliongeza sahani. Nilivimba kichwa kwa dakika mbili hivi.

Halafu Kamishna akaanza. Kitunguu cha Binti nikikate kidogokidogo, akikiona hali. Dawa yake ya kifua iko droo ya pili. Kadi yake ya kliniki iko ndani ya Biblia kubwa. Nywele asisukwe za kubana sana, kichwa kinamuuma. Nikamuuliza mbona leo ananipa ripoti ya serikali nzima. Akasema ni ili nisimsumbue akiwa amepumzika.

Nilikuwa naosha kikaango. Nikamkumbuka bosi wangu wa kwanza, fundi mzee aliyenifundisha mizani. Wiki yake ya mwisho kazini alikuwa hivyohivyo. Hii spana inataka kubembelezwa. Mteja yule usimwamini. Funguo ya stoo iko hapa. Nilidhani anapiga soga. Alikuwa ananikabidhi kazi.

Nimekaa na kikaango mikononi mpaka maji ya kuoshea yakapoa.

Jumanne, 12 Machi

Nimeunguza. Makusudi.

Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema. Alipotoka kwenda kuanua nguo niliongeza moto. Moshi, harufu, Binti akakohoa. Kamishna akarudi, akafunua, akatazama, akanitazama na mimi. Hakufoka. Leo ukoko ni wa familia nzima, akasema.

Nikijua kupika, masomo yataisha. Sitaki yaishe! Mtu mzima mwenye ndevu nafanya mambo ya kitoto, na sijuti.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimezidisha maji. Ukawa uji wenye kuku ndani.

Shemeji, mdogo wake Kamishna, alikuja na maembe. Walikaa kibarazani, mimi nikawa napanga sahani nyuma ya pazia la jikoni. Sikutega sikio. Sawa — nilitega.

Shemeji aliuliza ataniambia lini, maana majibu anayo tangu mwezi uliopita, na yeye hawezi tena kunitazama usoni. Kamishna akajibu: akishajua kupika.

Shemeji akasema hilo si jibu. Kamishna akasema ndilo alilonalo. Nikimwambia sasa, akasema, atakaa chini hatainuka, na mtoto atakula mkate mkavu. Kwanza mikono yake ijue njia.

Nilishika ukingo wa meza. Sahani zikagongana. Kamishna akauliza kuna nini huko. Nikasema paka. Hatuna paka!

Basi nimeelewa. Siku nitakayoivisha wali vizuri mara mbili tatu, ataniketisha na kuniambia. Na nisipoivisha, haambii mtu. Naogopa. Ninaogopa mpaka meno yanauma.

Alhamisi, 14 Machi

Nimesahau chumvi. «Nimesahau».

Binti alisukuma sahani, akaomba mkate. Mkate mkavu. Kamishna alikula vijiko vitatu, nikavihesabu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefika nyumbani saa kumi na moja na nusu. Stuli ya jikoni haina mtu. Kamishna alikuwa mezani, amejifunga kanga mabegani ingawa kuna joto. Akaniita nisogee, akaongea chinichini ili Binti asisikie.

«Mzee Kilo, mimi nimeishi na wewe miaka kumi na tatu. Ukikosea kweli nakujua, na ukijifanya nakujua. Umeniharibia jioni tatu kwa huo wali wako. Sina za kuharibu. Leo pika.»

Nikataka kusema kitu. Akanionyesha jikoni kwa kidole. Kamishna ni Kamishna.

Basi nimepika. Peke yangu, hakuna wa kusimamia. Kuku akajiachia mwenyewe. Kitunguu kidogokidogo. Mchele ukang'aa. Mizani yangu iko kwenye mkoba, sijaigusa. Nimepima kwa kikombe cha bati. Nimefunika saa kumi na mbili na dakika saba, naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya friji.

Dakika ya kumi na moja. Kikaango kinatokota taratibu kama inavyotakiwa.

Dakika ya kumi na nne. Nimechungulia mezani. Ameweka sahani tatu, na mbele ya kiti changu kuna bahasha ya kaki yenye muhuri wa hospitali, ameilaza chini ya glasi isipeperushwe na feni. Amemwambia Binti wakishakula aende kwa jirani akacheze kidogo.

Dakika ya kumi na sita. Bado naweza kufunua nikaharibu. Naweza kuongeza moto, kitufe cha jiko hiki hapa, nusu mzunguko tu. Mkono umeshafika. Mungu wangu.

Dakika ya kumi na nane. Binti ameuliza kwa sauti kutoka mezani: mama, mbona uko hapa, na jikoni kunanukia kama unapika wewe? Sijasikia Kamishna amejibu nini. Nimemsikia akicheka.

Nimeondoa mkono kwenye kitufe.

Dakika ya kumi na tisa. Ananiita —