Icyansi Iliyooshwa na Sabuni

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimerudi kutoka Goma, miguu imevimba. Vitunguu ya kuuza haikuisha. Na Mama hakula tena — mutoto wangu Belyse anasema alikataa hata uji.

Tangu macho yake izimike, Mama anaongea Jumapili tu, wakati namupangia vitu yake kwenye mukeka. Kufuli ya nyumba yetu ya Masisi — nyumba iliungua, kufuli ikabaki. Fimbo ya mujomba. Kikombe ya bati. Anashika, ananusa, anaanza kueleza. Icyansi inakuja ya mwisho: ile chombo ya muti, Papa alikuwa anakamulia maziwa ndani. Papa hakuacha picha wala kaburi. Iko icyansi tu, na moshi ya zamani na maziwa ya ng'ombe zake ndani. Mama akiinusa, anamuongelesha Papa kabisa. Mi naendaka kusimama jikoni.

Jumatano, 6 Machi

Yezu wangu! Belyse ameosha icyansi.

Na sabuni ya unga! Maji moto, brosi, akasugua ndani mupaka ikageuka nyeupe. Mutoto wangu mwenyewe — lakini alikulia kwa shangazi yake Kigali, maziwa anajua ya paketi. Icyansi haionaka sabuni, inafukizwa na moshi tu. Asema ilikuwa inanuka, alitaka Nyogokuru, bibi yake, afurahi. Ndiyo, ilikuwa inanuka! Nilitaka kumufokea. Nikaona uso wake, nikakaa chini.

Nimeingiza pua ndani. Maua, kama shuka ya hoteli.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemupigia kaka yangu Juvénal. Asema nisijisumbue, ninunue ingine, Mama hataona. Hataona! Na pua je? Basi, nikakata simu.

Nawaza Jumapili tu. Icyansi ikinyamaza, Mama atabaki na nini ya kusema? Nakosa nguvu hata ya kukasirika.

Ijumaa, 8 Machi

Cansilde, ule mama wa Busasamana ananiuziaka vitunguu, bado iko na ng'ombe. Akaniletea majani ya kufukizia, amefunga kwenye kitenge, akanieleza namna ya kufanya. Belyse akawasha mbabula, jiko ya makaa, inje. Tukapindua icyansi juu ya moshi, tukageuza, tukageuza. Jirani akauliza kama tunaunguza nyumba. Tukatia maziwa, ikalala humo kidogo, tukamwaga, tukarudia moshi. Belyse alikuwa analia, nikamwacha alie.

Anataka kumwambia Mama ukweli. Nikamukataza. Kwanza tuone Jumapili.

Inanuka muzuri sasa. Muzuri sana, na hiyo ndiyo inaniogopesha.

Jumapili, 10 Machi

Mama aliamuka muchangamfu. Akaeleza kufuli, akaeleza fimbo. Kwenye kikombe akacheka hata — ile mbuzi iliingizaka kichwa mule, mi nilikuwa nimesahau.

Nikamupa icyansi. Vidole yake ikapita kwenye mudomo ya icyansi, ikasimama pale kwenye ufa. Ile ufa Papa aliifanya siku ya arusi yao, alijikwaa. Nikasema mu roho: tumepona.

Akaingiza pua. Akanusa tena. Akaitoa.

"Hii ni ya watu wengine."

Nikamwambia ni ile ile, ashike ufa. Alishaishika, akajibu, bila hasira yoyote; icyansi mingi inapasuka. Akaipanguza na kitenge yake pole pole, akaniwekea mukononi.

"Iko muke fulani anaitafuta hii, mwana wangu. Murudishie leo. Atakuwa analia."

Belyse alifungua kinywa. Nikamukanyaga muguu. Nikavaa viatu, nikatoka na icyansi chini ya kitenge kama mwizi. Nitairudisha wapi? Nilitembea mupaka ku ziwa. Watu wamevaa vya misa, wanapigana picha. Nikakaa kwenye ukuta mupaka baridi ikanishinda, nikarudi kupitia mulango ya nyuma.

Niko jikoni sasa, naandika. Icyansi iko kwenye magoti yangu. Nimechoka, Mungu wangu, nimechoka mupaka kwenye meno. Mama amesikia viatu yangu. Anauliza kutoka chumbani:

"Ulimupata? Alifurahi?"

Belyse ananiangalia. Mama anauliza tena.