Oiva aposa, umeme washuka bei

Kerttu, kitendawili! Mwanamke gani huposwa kichwa chake kimo ndani ya mashine ya kufulia? Umeshindwa? Nipe mji.

Ni Rauha, jirani yangu! Leo hii, mimi nikiwa jikoni kwake na kikombe mkononi!

Oiva kaja amevaa tai ile ile aliyovaa siku ya kumzika mkewe. Kapiga goti, goti lenyewe bovu, likalia ko! "Rauha, utakubali tuoane?"

Rauha akafungua mdomo. Simu yake ikalia, ujumbe wa bei ya umeme ya saa hiyo, naye akapaza sauti: "Umeme umeshuka bei!" Upepo umevuma, mitambo ya upepo inazalisha umeme tele, bei karibu na bure mpaka saa tisa. Akatimua mbio! Maandazi ya iliki yakaingia kwenye oveni, sauna, kile chumba chake cha kuogea mvuke, ikawashwa, kisha akazama kichwa na mashuka kwenye mashine ya kufulia.

Na mwanamume bado kapiga goti, Kerttu! Goti!

"Rauha, nimekuuliza kitu."

"Nimesikia, bwana. Vua hizo soksi, zifuliwe."

Akavua! Miaka minne anajikusanyia ujasiri, halafu anaketi sakafuni miguu mitupu, anajua kabisa amekataliwa. "Basi niende zangu?" akauliza.

Rauha akachomoa kichwa, unga wa sabuni umemjaa puani. Akamtazama.

"Ukifika kwako utawasha sauna?"

"Nitawasha. Si umeme umeshuka?"

"Sauna mbili kwa wazee wawili! Tuna wazimu? Kalete taulo lako, na mto wako, na kila ulicho nacho. Ndiyo, Oiva. Ndiyo."