Kile Wanachotengenezea Misumari

Kwako Kubanych,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Hapa Tokmok hatujambo. Kanykei ameota jino, na Erlan hataki uji ila aliopika bibi yake. Siku za kazi nashona karakanani, Jumamosi na Jumapili niko chuo cha uuguzi.

Mtihani wa mdomo nimefeli. Najua ulisema nikifeli hata mmoja niache masomo, lakini soma kwanza hadi mwisho.

Mwalimu aliuliza mjamzito aliyepungukiwa damu huwa amekosa madini gani. Jibu nalijua, ila ndilo jina la baba yako, na kwa mila yetu mimi mkaza mwana wenu sijawahi kulitamka. Nikasema, "Kile wanachotengenezea misumari."

Wenzangu wakaangua kicheko. "Kwa hiyo mgonjwa utamwandikia misumari, mama?" mwalimu akauliza, akanipa sifuri.

Mama yako alinisifu kwa adabu yangu. Kesho yake nilipotaka kummiminia Baba chai, akafunika bakuli kwa kiganja.

"Niite kwa jina langu, ndipo nitakunywa."

Siku tatu hakunywa. Mama kanuna. Leo asubuhi nikafumba macho.

"Temir," nikatamka, neno lile lile la chuma.

"Naam, mwanangu," akaitika, akaondoa kiganja.

Alhamisi narudia mtihani. Wewe ukitaka niache masomo, zungumza na Temir.

Mkeo,
Nurzat