Mama Noela, Aliyejua Sahani ya Kila Mtu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke pale Geita. Mpaka leo tukitia chumvi kwenye maharage tunachungulia mlangoni kwanza, tusije tukakaripiwa.

Wewe, Klara Makoye, uliwalisha wachimbaji wa dhahabu mgahawani kwako kwa miaka ishirini na sita bila kuandika oda hata moja. Watu arobaini wanakaa, nawe unajua nani ugali, nani wali, nani hagusi samaki. Kwa hiyo siku ulipomwekea mchimbaji Donatus sato, ulicheka. Sisi tukasema ni uchovu. Jirani akanong'ona kwamba umerogwa. Donatus peke yake hakucheka: "Mama Noela, mie sili samaki toka utotoni, na wewe wajua kuliko hata mke wangu. Hapa kuna kitu. Twende hospitali." Ulikwenda na aproni yako kiunoni.

Daktari alisema ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau. Hauponi, lakini ukiwahiwa unaweza kucheleweshwa. Presha ilikuwa juu, na sikio moja lilikuwa halisikii vizuri, mambo mawili yanayouharakisha ugonjwa huo. Njiani ulilia. "Sitaki kufa siwajui wanangu," ulisema. Tuliogopa sana siku ile.

Basi ukaanza kazi! Dawa ya presha kila siku, kifaa cha sikioni, na matembezi ya asubuhi mpaka sokoni, ukisalimia kila mlango kwa jina: "Mwangaluka, Generosa!" Chumvi uliwapunguzia wateja wote bila kuwauliza. Walinung'unika wiki nzima, wakazoea. Tena kila mchana wakawa wanakujaribu: "Mama, leo nakula nini?" Ukikosea, unamwongezea nyama. Wengine walikuwa wakikuombea ukosee.

Miaka mitano ilipita hivyo. Nimonia ilipokuzidi, asubuhi ya mwisho ulituita wanao wote wanne, kila mmoja kwa jina lake, kisha ukamgeukia Abel: "Umepima presha?"

Hajapima, Mama. Ila Jumamosi, baada ya misa ya kukuombea nyumbani Ibadakuli, nesi atatupima wote, na Abel tumempanga wa kwanza.

Unakumbukwa na mumeo Sostenes, wanao Noela, Abel, Mariana na Charles, wajukuu zako, na wachimbaji wako wote, Donatus akiwa mbele.

Ulipambana mpaka mwisho usitusahau, na hukutusahau. Sasa ni zamu yetu, Mama. Hatutakusahau kamwe.